Mchanga au changarawe? Tazama kwanza mdomo wa samaki

Barua ya msomaji

Kwako mshauri, salamu.

Naishi Tabata, Dar es Salaam. Nina tangi la samaki la kioo nililonunua la mtumba: urefu sentimita 100, upana 40, kimo 50. Lilikuja na changarawe za rangi ya buluu, punje kama choroko, nami nilizimwaga zote, kwa hiyo sakafu ina unene wa vidole vinne hivi. Humo nimeweka samaki wa dhahabu wanne, mkubwa wao sasa anafika urefu wa kiganja.

Maji yanakaa meupe siku tatu nne tu baada ya kuyabadilisha, kisha yanaanza kuwa na ukungu. Nikizichokora changarawe uchafu unafumka kama moshi, na kuna kaharufu ka yai viza. Wiki iliyopita mmoja alikwama punje mdomoni jioni nzima, akaja kuitema usiku.

Mpwa wangu anafanya kazi Kigoma, ameniahidi wale samaki wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, na anasema wanataka mchanga. Muuzaji wangu wa samaki anasema mchanga utatibua maji na kuua filta, nibaki na changarawe. Jirani anasema nikachote ufukweni, ni bure. Fundi anayejenga nyumba ya pili ana lundo la mchanga wa mto na amesema nijichotee. Kila mmoja na lake.

Nitumie nini, kiasi gani, na nabadilishaje bila kuua samaki? Na hao wa Kigoma wataelewana na hawa?

Mama Samaki, Tabata

Jibu

Mama Samaki, weka mchanga. Hao wanne ulio nao wataufurahia, na hao wa Kigoma hawana maisha bila huo. Muuzaji wako hajakudanganya: maji hutibuka kweli na filta hufa kweli, ila hayo humpata aliyemwaga mchanga bila kuuosha, tena filta ikiwa inanguruma. Tutafika huko.

Kwanza maneno yenyewe, maana dukani watu huuza kwa macho. Punje iliyo chini ya milimita 2 ni mchanga; kuanzia hapo kwenda juu ni changarawe. Lakini ndani ya mchanga wenyewe kuna tofauti kubwa. Ulio laini kuliko chumvi ya mezani, robo milimita kushuka chini, hushikamana na kuziba, na kila samaki akipiga mkia unapaa. Wenye punje kama sukari ya dukani, nusu milimita hadi 1, hutulia haraka na bado samaki mdogo anaumudu mdomoni. Huo wa sukari ndio wako. Uwe na punje za mviringo. Lile vumbi la mashine ya kuponda kokoto liache hata kama limechekechwa vizuri: lisugue katikati ya vidole utasikia linavyokwaruza, na samaki wa dhahabu atakuwa analitafuna kutwa.

Sasa tuone changarawe zako zimefanya nini. Sakafu ya tangi lako ni sentimita za mraba 4,000. Kwa unene wa sentimita 7, umeweka lita 28 za changarawe, na kwa punje za ukubwa ule karibu asilimia 40 ni nafasi tupu katikati ya mawe. Yaani una lita 11 za vichochoro usivyoviona. Tembe ya chakula ikidondoka inateleza hadi chini, samaki anaiona inavyozama na hawezi kuifuata. Kinyesi kinaifuata. Vyote vinaoza huko, na kule chini kabisa ambako maji yenye oksijeni hayafiki ndiko inakotoka hiyo gesi ya yai viza, haidrojeni salfaidi, ambayo kwa samaki ni sumu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba gesi hiyo ni ugonjwa wa mchanga peke yake, mwonyeshe tangi lako. Inaletwa na kina kirefu pamoja na uchafu, chini ya sakafu ya aina yoyote.

Ile punje iliyokwama nayo haikuwa bahati mbaya. Samaki wa dhahabu hula kwa kuchota sakafu: anainama, anajaza mdomo, anatafuna kidogo, chembe za chakula zinabaki na mengine anayatema, mengine yanatokea kwenye matamvua. Kwenye mchanga utamwona akitoa wingu dogo la mchanga kila dakika. Kwenye changarawe za milimita 4 hadi 6, samaki wa urefu wa kiganja anapata jiwe linaloingia vizuri na kugoma kutoka. Kama unayapenda mawe, yawe makubwa kuliko mdomo wake wazi. Ikitokea tena na asubuhi jiwe bado lipo, lowesha mikono, mshike ndani ya beseni la maji ya tangi, mwinamishe kichwa chini, bonyeza taratibu chini ya koo. Likigoma, tumia kibano chenye ncha butu, na mtu wa pili akushikie tochi.

Hao wa Kigoma

Mpwa wako yuko sahihi. Ziwa Tanganyika lina konokono anayeitwa Neothauma tanganyicense, hayupo ziwa lingine lolote. Akifa gamba halimong'onyoki upesi kwa sababu maji ya ziwa lile hayayeyushi chokaa kirahisi, basi magamba yanarundikana juu ya mchanga eneo kwa eneo. Samaki wadogo wameyafanya nyumba. Anayepatikana sana kwa wafugaji ni Neolamprologus multifasciatus: dume sentimita 4 na ushei, jike kama 3. Si samaki wa kuogelea huku na huko. Ni samaki wa kujenga. Jike anachota mchanga kwa mdomo chini ya gamba lake, anaenda kuumwaga pembeni, anarudi. Baada ya saa chache gamba limezama kwenye shimo na mlango wake umebaki usawa wa ardhi. Jamaa yake, Lamprologus ocellatus, hulifukia gamba lote akaacha tundu tu likitazama juu. Mpe changarawe za choroko uone: atahangaika na punje moja moja, na gamba litabaki juu likibingirika. Hawa wanataka mchanga wa sentimita 4 hadi 6.

Ila usiwachanganye na samaki wa dhahabu. Mkubwa wako wa kiganja anaweza kummeza mtoto wa multifasciatus bila hata kukusudia, anachafua maji mara nyingi zaidi kuliko koloni zima la wale, na shughuli zake za kuchota sakafu zitawafukia magamba yao kila siku. Tangi lako ukilijaza si hadi ukingoni, ukatoa mchanga na mawe, lina maji kama lita 170. Kwa samaki wa dhahabu wanne wanaoendelea kukua tayari ni pembamba. Nakushauri ubadilishe sakafu sasa, hao wakae humo tangi likitulia, na siku wa Kigoma wakiwa tayari uwahamishie wa dhahabu kwenye bwawa dogo la uani penye kivuli, au tangi kubwa la plastiki la lita 500. Viluwiluwi vya mbu watavimaliza wao.

Mpwa asichote samaki mwenyewe ziwani. Anunue kwa mkamataji mwenye leseni, wadogo 8 hadi 10, na hapo utapata dume na jike bila kubahatisha.

Kama angekuwa Kyela au Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, tungezungumza mengine. Wale samaki wa kule waitwao mbuna ni watu wa miambani. Sakafu kwao ni mapambo, mchanga sawa, changarawe sawa. Na kwa aliyejaza gapi na moli wanaoogelea juu na katikati, au mwenye filta ya sahani yenye matundu inayokaa chini ya sakafu, changarawe za milimita 3 hadi 5 ndizo hasa; mchanga ungedondokea kwenye matundu ya sahani hiyo ukaiziba ndani ya wiki.

Mchanga utoke wapi

Wa ufukweni uache. Kuchimba mchanga ufukweni bila kibali ni kujitafutia kesi, na mara nyingi ni laini mno. Halafu kuna chumvi, ambayo huiondoi kwa kuosha mara mbili.

Wa fundi unafaa ukiufanyia kazi. Chukua sampuli ya vikombe viwili, fanya majaribio mawili. La kwanza, la udongo: jaza chupa ya kioo theluthi kwa mchanga, ongeza maji hadi karibu na shingo, funga, tikisa kwa nguvu, weka chini. Mchanga mzuri hukaa chini ndani ya dakika moja, na baada ya saa moja maji ya juu yanapitisha mwanga. Ukikuta bado ni kama uji na juu ya mchanga kumejitengeneza tabaka la tope linalozidi unene wa shilingi mbili zilizopandana, huo ni udongo, utaosha hadi uchoke. La pili, la chokaa: kausha kijiko kimoja, dondoshea siki. Ukisogeza jicho na kuona viputo vidogo vikichemka, kuna chokaa ndani, na utapandisha pH ya maji, yaani kipimo cha asidi na alkali. Kwa hao wa Tanganyika hiyo si dosari, kwani ziwa lao lina pH inayokaribia 9. Usipochemka ni mchanga wa silika, haubadilishi maji.

Njia isiyo na kazi nyingi ni mchanga wa filta za mabwawa ya kuogelea, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mabwawa, mara nyingi kwa mfuko wa kilo 25. Umeshachekechwa kwa punje za nusu milimita na ushei, hauna udongo, na mfuko mmoja unakutosha karibu kamili. Ungekuwa wa kwangu uamuzi, ningenunua huo na kumwachia fundi mchanga wake. Ubaya wake ni rangi: ni mweupeweupe, na juu ya sakafu nyeupe kila kinyesi kinaonekana, tena samaki hupauka. Ukipata wa rangi ya kahawia chukua huo.

Mpwa akitaka kukuletea mchanga wa ziwani kwa ajili ya uhalisia, mkataze, au auanike juani siku kadhaa hadi ukauke kabisa, kisha auchekeche. Kwenye maji ya huko kuna konokono wanaobeba kichocho: Biomphalaria, aliyejikunja bapa kama kamba iliyozungushwa mezani, na Bulinus mwenye gamba fupi lililochongoka. Vijidudu vya kichocho haviishi muda mrefu bila konokono, lakini konokono mmoja hai akiingia tangini anaendelea kuvitoa, na wewe unaingiza mkono humo kila wiki. Kwa sababu hiyohiyo usipokee majani ya majini kutoka mtoni wala ziwani bila kuyachunguza.

Kiasi na kuosha

Unene wa sentimita 4 juu ya sakafu yako ni lita 16, na lita moja ya mchanga mkavu ni kama kilo 1.6. Hiyo ni kilo 25 na kitu. Kwa hesabu ya ndoo, ni ndoo ya lita 20 iliyopungua kidogo. Kama unatumia wa fundi chota ndoo mbili, kwani kuchekecha na kuosha kutakula nyingi. Usizidishe sentimita 5, isipokuwa pale kwenye magamba ambapo utarundika hadi 6. Zaidi ya hapo unarudi kwenye yai viza.

Chekecha mkavu kwa wavu wa mbu wa dirishani. Kinachobaki juu tupa, kinachopita ndicho chako, na vumbi laini litaondoka kwa maji. Osha theluthi ya ndoo kwa mara moja, isizidi. Ingiza mpira wa bomba hadi kitako cha ndoo, fungua maji, koroga kwa mkono kutoka chini kwenda juu, acha maji machafu yafurike yenyewe. Maji yatatoka ya maziwa, kisha ya chai, kisha meupe. Mchanga wa mto unaweza kudai mara 15. Ukidhani umemaliza, chota mchanga kidogo ndani ya bilauri ya maji safi, koroga, hesabu hadi 30. Kama unasoma herufi za gazeti nyuma ya bilauri, umemaliza. Hapo ndipo watu huchoka na kusema "utajitulia tangini". Hautatulia. Sabuni isiguse ndoo hiyo kabisa.

Siku ya kubadilisha

Siku moja kabla usiwalishe. Chagua asubuhi ya siku ambayo umeme una uhakika, maana kazi itachukua saa nne au tano.

Pata pipa safi la lita 100. Vuta maji ya juu ya tangi, yale yaliyo safi, ujaze pipa, hamishia samaki humo, na hamishia filta humo ikiendelea kufanya kazi. Hili la filta ndilo linaloamua kama samaki watapona. Bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa, wamejishika kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe. Leo unatupa changarawe, kwa hiyo sponji ndiyo akiba pekee. Usiioshe siku hiyo, na isikauke. Funika pipa, samaki wa dhahabu anaruka.

Samaki wakishatoka ndipo uchokore, kabla ya hapo hapana: ile gesi na amonia iliyolala chini itatoka yote kwa pamoja. Zoa changarawe kwa sufuria ya plastiki, si ya chuma, usije ukakwaruza kioo. Vuta tope lote kwa mpira. Chukua kilo moja au mbili za changarawe za zamani, zisuuze kwa maji ya tangi, zitie kwenye soksi ndefu safi, zining'inize karibu na mdomo wa filta kwa wiki nne. Zitaendelea kubeba bakteria huku mchanga ukipata wake. Kabla ya hapo sugua moja kwa kucha. Rangi ya buluu ikibanduka, usiziweke, baki na sponji peke yake.

Mawe yatangulie mchanga. Hili huvunja matangi. Samaki wachimbaji wakifukua chini ya jiwe lililokaa juu ya mchanga, jiwe linaanguka na kioo kinapasuka. Tandika kipande cha lile boksi jeupe jepesi linalofungia friji, unene wa sentimita 1, chini ya kila jiwe kubwa, weka jiwe, litikise uone limekaa, ndipo mwaga mchanga kulizunguka. Kwa mawe tumia yale ya matumbawe yanayojengewa huko pwani, ukiyasugua na kuyachemsha. Yatatoa chokaa taratibu na kusaidia pH kwa wageni wako wa Kigoma. Ncha kali zipige nyundo. Usije ukafikiria chokaa ya kupaka ukutani ndiyo hiyohiyo. Ile ikiingia majini samaki wamekwisha siku hiyohiyo.

Mchanga utie ukiwa na unyevu, bakuli kwa bakuli, ulaze kwa mkono. Weka sahani juu yake na kumwagia maji juu ya sahani, polepole, hadi theluthi ya tangi. Kukiwa na ukungu kidogo subiri nusu saa, kisha endelea. Maji ya bomba yawe yamelala kwenye ndoo wazi saa 24, au uyatie dawa ya kuondoa klorini, la sivyo utaua bakteria uliowahifadhi tangu asubuhi. Maji ya zamani kutoka pipani yarudi nayo.

Filta irudi maji yakishatulia, na hapa ndipo mashaka ya muuzaji wako yanapojibiwa. Mdomo wake ukae angalau sentimita 8 juu ya mchanga na uvalishwe sponji. Punje moja ikiingia kwenye pangaboi lake dogo, utasikia linakwaruza, na mhimili utalika. Ukisikia hivyo zima palepale, toa pangaboi, suuza tundu lake, rudisha. Kila utakapochimba, kupanda mmea au kusogeza jiwe, zima filta kwanza, na iwashe dakika 15 baadaye.

Rudisha samaki joto la maji likilingana. Siku mbili za kwanza walishe nusu ya kawaida. Pima amonia na naitraiti siku ya 2, 4, 7 na 10. Kipimo kikivuka miligramu 0.25 kwa lita, badilisha maji asilimia 30 siku hiyo. Wa Kigoma wasiingie hadi vyote viwili visome sifuri wiki mbili mfululizo. Sababu iko kwenye pH: maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki 1 katika 100. Kwenye pH 8.5, ambayo wale ndiyo waliyoizoea, inakuwa kama 15 katika 100. Uchafu uleule ambao samaki wako wa dhahabu wanauvumilia leo utawaua wao.

Utakayoyaona baadaye

Wiki ya pili au ya tatu mchanga mpya utapata vumbi la kahawia. Ni mwani, hutokea sana kwenye matangi mapya, huisha wenyewe. Futa kioo, usitie dawa.

Usafi wa mchanga hautaki kuchimba. Kinyesi kinakaa juu na kukusanyika sehemu moja ambako mkondo wa filta unakipeleka. Shikilia mdomo wa mpira sentimita 2 juu ya mchanga, zungusha mkono kama unayekoroga uji bila kugusa sufuria. Uchafu ni mwepesi, unapanda, mchanga unabaki. Mchanga ukianza kupanda, bana mpira kwa vidole. Robo ya maji kila wiki. Kwenye pembe ambazo samaki hawachimbi, pitisha kijiti polepole mara moja kwa wiki mbili, filta ikiwa imezimwa. Kukiwa na doa jeusi linaloonekana kupitia kioo, usilifumue kwa kishindo. Lifyonze kidogo kidogo kila unapobadilisha maji.

Magamba: wa Kigoma wanataka mawili au matatu kwa kila samaki, mlango wa sentimita 2.5 hadi 3. Huhitaji kuagiza ya ziwani. Wale konokono wakubwa wa nchi kavu wanaojaa Dar wakati wa mvua huacha magamba. Chagua ya wadogo wenye urefu wa sentimita 5 hivi, matupu, chemsha dakika 20, piga brashi ndani. Yamwage juu ya mchanga bila kuyapanga. Wakishafika, kupanga ni kazi yao.

Umeme ukikatika zaidi ya saa mbili, washa pampu ya hewa ya betri, na ukirudi suuza sponji ya filta kwenye ndoo ya maji ya tangi kabla ya kuiwasha, isije ikakutapikia uozo ndani.

Changarawe zitakazobaki zioshe, uzitandaze juu ya udongo wa vyungu vya maua. Vichochoro vilivyokusumbua tangini, huko havimsumbui mtu.